Nani Ataamua Tukibishana? Katiba na Mgawanyo wa Madaraka Katika Shirikisho

Hotuba kwa walimu wa Uraia na wanafunzi wa sheria, Moshi. Salamu zimepunguzwa na baadhi ya sentensi zimenyooshwa ili isomeke vizuri.

Mwenyekiti, walimu, vijana wa vyuo, na waheshimiwa madiwani mlioacha shughuli zenu: wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo.

Nimepewa mada ndefu kuliko muda wenyewe, yaani namna katiba zinavyogawa madaraka ya serikali katika nchi za kidemokrasia zenye mfumo wa shirikisho. Walimu mliopo hapa mnaifundisha kila mwaka. Mwanafunzi anaandika kwamba katika serikali ya umoja madaraka yote yako katikati, na katika shirikisho yamegawanywa kati ya serikali kuu na majimbo, na katiba imeweka orodha ya nani anafanya nini. Mifano ni Marekani, Nigeria, Ujerumani. Anapata alama zake, anaondoka. Jibu hilo si baya, ila linakoma pale ugomvi unapoanzia.

Mimi naamini kwamba orodha ya madaraka ndiyo sehemu ya katiba inayoandikwa kwa jasho jingi kuliko zote, na inayoamua machache. Jambo zito ni nani atakayetoa neno la mwisho siku pande mbili zitakapoishika orodha ile ile na kila upande ukaisoma kivyake. Nitatumia muda wangu mwingi kwenye hilo.

Na sababu ya kulileta Moshi si ya kitabuni tu. Kilomita themanini hivi kutoka tulipokaa, Arusha, ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unataja hatua nne: umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa fedha, na mwishowe shirikisho la kisiasa. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walikubaliana kwamba kabla ya kufika kwenye shirikisho tupitie kwanza konfederesheni, muungano ulio mlegevu zaidi. Kamati ya wataalamu chini ya Jaji Mkuu mstaafu wa Uganda, Benjamin Odoki, ikapewa kazi ya kuandaa rasimu ya katiba yake. Kwa hiyo hao mnaowafundisha wataulizwa maoni yao siku moja, na watajibu kwa kile mlichowapa.

Nitenganishe kwanza mambo mawili ambayo kwenye madaftari huchanganywa. Bunge, Serikali na Mahakama ni mgawanyo wa kazi kati ya mihimili. Upo hata katika nchi isiyo na jimbo hata moja. Shirikisho ni mgawanyo wa aina nyingine, wa ngazi: serikali mbili zinatawala raia mmoja juu ya ardhi moja, kila moja ikiwa na mambo yake. Raia wa Lagos anatii sheria ya Jimbo la Lagos na sheria ya Nigeria, zote mbili kwa wakati mmoja.

Kipimo ninachokipenda ni hiki. Je, serikali ya juu inaweza kuifuta ile ya chini kwa sheria ya kawaida ya bunge, bila ridhaa yake? Ikiweza, yale ya chini ni madaraka ya kukasimiwa, kama yalivyotolewa ndivyo yatakavyochukuliwa. Isipoweza, hapo pana shirikisho, hata kama nchi yenyewe hailitaki jina hilo.

Wenyeji wa mkoa huu hamhitaji mfano wa mbali. Mwaka 1946 Waingereza waligawa utawala wa Uchagga katika maeneo matatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila moja likiwa na mwitori wake, yaani chifu wa eneo, juu ya wamangi, wale machifu wadogo. Baada ya hapo watu wakampigia kura Mangi Mkuu, Thomas Marealle, aliyesimikwa mwaka 1952. Mwaka 1960 wakapiga kura tena wakachagua utaratibu wa rais wa baraza anayechaguliwa, na Solomon Eliufoo akaishika nafasi hiyo. Fikirini: serikali ya eneo, yenye baraza, yenye mapato ya kahawa nyuma yake, imebadilishwa mara mbili kwa kura za watu wake. Kufikia mwaka 1963 uchifu wote nchini ulikuwa umefutwa kwa sheria. Mwaka 1972 zikafuata halmashauri za wilaya na miji, zikafutwa katika ule mpango wa Madaraka Mikoani, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo, KNCU, ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, ikiwamo. Sheria za mwaka 1982 ndizo zilizorudisha serikali za mitaa. Ibara ya 145 na 146 za Katiba yetu leo zinazitaja, lakini mamlaka yake yenyewe zinaliachia Bunge liyapange.

Sisemi uchifu urudi, na mwenye kunukuu vibaya aandike na sentensi hii. Nasema kwamba hakuna katika hayo yote lililohitaji idhini ya waliofutwa. Hicho ndicho kipimo.

Sasa vukeni mpaka wa Kenya pale Holili. Ukiingia Taveta uko ndani ya Kaunti ya Taita-Taveta, na gavana wake hakuteuliwa na Rais. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa na katiba ya majimbo, na mwaka mmoja baadaye majimbo yakawa yamekwisha nguvu. Katiba ya 2010 ikaja kwa tahadhari zaidi. Kaunti 47 zimeorodheshwa ndani ya Katiba yenyewe. Rais anaweza kuisimamisha serikali ya kaunti, ndiyo, lakini kwa sababu zilizotajwa tu. Kama sababu si vita au hali ya dharura ya ndani, tume huru ichunguze kwanza na Seneti iidhinishe. Hata hivyo haizidi siku tisini kabla ya uchaguzi. Wakenya wanauita ugatuzi, hawauiti shirikisho. Kwa kipimo changu wako karibu na shirikisho kuliko wanavyopenda kusema.

Kipimo hicho kinaisumbua India, nakiri. India ni shirikisho kwa kila kitabu, lakini Ibara ya 3 ya katiba yake inaliruhusu bunge la kati kubadili mipaka ya majimbo kwa kura ya kawaida. Mwaka 2019 jimbo la Jammu na Kashmir liligawanywa na kushushwa kuwa maeneo mawili yanayotawaliwa kutoka katikati. Kipimo kimoja hakitoshi nchi zote, lakini kinatusaidia kuuliza vizuri.

Tuje kwenye orodha zenyewe. Hapa nitapita haraka kwa sababu mnazijua. India ilianza mwaka 1950 na orodha tatu: mambo 97 ya Muungano, 66 ya majimbo, 47 ya pamoja. Katiba ya Nigeria ya 1999 ina mambo 68 ya serikali ya shirikisho peke yake, na polisi ni mojawapo. Kwa hiyo gavana wa jimbo lenye mamilioni ya watu huitwa mkuu wa usalama wa jimbo lake huku hana askari hata mmoja wa kwake. Reli nayo ilikuwa ya Abuja peke yake hadi marekebisho ya Machi 2023 yalipoihamishia kwenye orodha ya pamoja. Umeme nao majimbo yakaruhusiwa kuuzalisha na kuusambaza hata pale gridi ya taifa ilipofika. Ukiona katiba inahitaji marekebisho ili jimbo lijenge reli yake, ujue orodha iliandikwa na watu waliokuwa na hofu.

Orodha yoyote, hata iwe ndefu namna gani, itaacha mambo. Walioandika katiba ya Marekani mwaka 1787 hawakuijua ndege. Ndipo linakuja swali la madaraka yasiyotajwa: ni ya nani? Marekani, kwa marekebisho ya kumi ya mwaka 1791, ilisema yale ambayo serikali kuu haikupewa yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kanada, mwaka 1867, ilifanya kinyume. Waasisi wake walikuwa wametoka kuitazama Marekani ikichinjana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakataka serikali kuu yenye nguvu, wakaipa madaraka yote yasiyotajwa.

Mkisoma hayo mawili mtasema basi leo Washington ni dhaifu na Ottawa ni jabali. Mambo yalikwenda upande mwingine kabisa. Kwa miongo mingi kesi za katiba za Kanada zilikwenda kuishia kwa kamati ya majaji wa Baraza la Mfalme kule London, mpaka mwaka 1949. Majaji wale, kesi baada ya kesi, wakaipanua haki ya majimbo juu ya mali na mambo ya kiraia, wakalibana fungu la serikali kuu. Majimbo ya Kanada leo yana nguvu ambazo waasisi hawakuzikusudia. Na Marekani ikaenda njia yake, na hapo nataka niwape kisa cha mkulima mmoja.

Roscoe Filburn alikuwa mkulima wa Ohio, ana ng'ombe wa maziwa na kuku. Sheria ya kilimo ya mwaka 1938 ilimwekea kila mkulima kiwango cha ngano, ili bei isianguke. Filburn aliruhusiwa ekari 11.1, yeye akapanda 23. Alipotozwa faini, dola 117 na senti 11, akaenda mahakamani na hoja ambayo hata kikao cha kijiji kingeikubali. Ngano ile ya ziada, alisema, sikuiuza nje ya jimbo, ni ya kulisha mifugo yangu, ya unga wa nyumbani na ya mbegu. Katiba inaipa serikali kuu mamlaka juu ya biashara kati ya majimbo. Kuku wangu ni biashara kati ya majimbo tangu lini?

Mwaka 1942 Mahakama ya Juu, majaji wote kwa kauli moja, ikamshinda. Ikasema ngano aliyojilimia ni ngano ambayo hakuinunua sokoni, na wakulima wengi wakifanya kama yeye, soko la nchi nzima litatikisika. Basi serikali kuu ina mamlaka nayo.

Tafakarini ukubwa wa jambo hilo. Katika maneno ya katiba hakuna kilichofutwa wala kilichoongezwa. Hakuna kura ya maoni iliyopigwa, hakuna jimbo lililoulizwa. Lakini mamlaka makubwa, ya kuingia hadi kwenye ghala la mkulima, yalihama kutoka jimboni kwenda Washington kwa sababu watu wanane wenye majoho waliisoma kwa namna fulani sentensi ya mwaka 1787. Mwaka 1995 mahakama hiyo hiyo iliweka breki kidogo, ikakataa sheria ya bunduki karibu na shule, ikasema biashara nayo ina mwisho. Ni watu wa ofisi ile ile tena, wakiisoma sentensi ile ile.

Ndiyo maana nasema orodha haitoshi.

Kabla sijaenda mbele kwenye hilo, niseme machache kuhusu fedha, maana mheshimiwa diwani mmoja alininong'oneza mlangoni kwamba nisiposema fedha sijasema kitu. Ni kweli. Jimbo lenye mamlaka na lisilo na mapato ni jimbo la makaratasi. Katiba ya Kenya inadai kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Ya Nigeria inadai angalau asilimia 13 ya mapato ya maliasili irudi kule yalikochimbwa. Waswisi wamekwenda mbali kuliko wote: serikali kuu yao ina ruhusa ya kutoza kodi ya mapato na VAT kwa muda tu, na muda ukikaribia kwisha inarudi kwa wananchi kuomba upya. Mwaka 2018 waliiongezea hadi 2035. Hebu fikiria waziri wa fedha anayeomba kazi kwa kura kila baada ya miaka kadhaa, si yeye tu, na kodi yenyewe.

Kwetu, kodi ya majengo ilikuwa chanzo cha halmashauri. Mwaka 2016 ikahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, kwa sheria ya fedha ya mwaka, na tangu 2021 mnailipa mkinunua umeme wa LUKU. Huenda ukusanyaji umekuwa rahisi, sibishi. Nawaonyesha tu njia iliyotumika: sheria ya fedha, inayopitishwa kila Juni. Katika shirikisho, chanzo cha mapato cha ngazi ya chini kikishaandikwa kwenye katiba, hakihami kwa njia hiyo.

Narudi kwa mwamuzi.

Tanzania yenyewe ni darasa zuri hapa, na nashangaa tunavyokimbilia Marekani kabla hatujafungua Katiba yetu. Ibara ya 4 inaweka vyombo viwili vya utendaji, viwili vya kutunga sheria, viwili vya utoaji haki, kimoja cha Muungano na kimoja cha Zanzibar kila mara. Nyongeza ya Kwanza ina orodha ya Mambo ya Muungano. Yalikuwa 11 kwenye Hati ya Muungano ya mwaka 1964, sasa ni 22, yakiwamo sarafu, polisi, uraia, elimu ya juu, utabiri wa hali ya hewa, na Mahakama ya Rufani. Yasiyomo, kwa upande wa Zanzibar ni ya Zanzibar. Kwa upande wa Bara yanashikwa na serikali ile ile ya Muungano. Mfumo huu hauna pacha duniani. Tume ya Jaji Nyalali, iliyomaliza kazi mwaka 1992, ilipendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Zanzibar na ya Bara. Tume ya Jaji Warioba nayo, katika rasimu zake za mwaka 2013, ilipendekeza tatu, na Mambo ya Muungano saba tu. Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014 likabaki na mbili, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Mjadala wa mbili au tatu mnaujua, umechosha masikio, sitauchokonoa.

Lakini ni wangapi hapa wamewahi kusoma Ibara ya 125 hadi ya 128? Naona mikono michache, na yote ni ya wanafunzi wa sheria. Ibara hizo zinaunda Mahakama Maalum ya Katiba. Kazi yake ni moja: kusuluhisha ubishi wa tafsiri ya Katiba kati ya Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Nusu ya wajumbe wanateuliwa na upande mmoja, nusu na mwingine. Uamuzi unataka theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande. Na mahakama hiyo haijawahi kukaa.

Si kwamba ubishi haukuwepo. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ilifanyiwa marekebisho ya kumi, ikaieleza Zanzibar kuwa nchi, mojawapo ya mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 1 ya Katiba ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja. Marekebisho yale yale yakampa Rais wa Zanzibar mamlaka ya kuigawa Zanzibar katika mikoa na wilaya, ilhali Ibara ya 2 ya Katiba ya Muungano inamkabidhi kazi hiyo Rais wa Jamhuri akishauriana kwanza na mwenzake wa Zanzibar. Katiba mbili, kila moja inajiita sheria kuu mahali pake, zimeandika mambo mawili juu ya jambo moja. Sina nia ya kusema nani yuko sahihi. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyeiita mahakama iliyoundwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Tulichofanya ni kukaa mezani. Tuna kamati ya pamoja ya serikali mbili chini ya Makamu wa Rais, tuna orodha ya kero za Muungano, na moja baada ya nyingine zinaondolewa. Mafuta na gesi, kwa mfano, yamo kwenye Nyongeza ya Kwanza hadi leo, lakini sheria ya petroli ya mwaka 2015 iliiachia Zanzibar isimamie ya kwake. Njia ya mezani ina faida: imetuepusha na mengi. Ina na kasoro kubwa. Makubaliano ya mezani hayaachi hoja nyuma, na raia hajui kesi iliamuliwa kwa misingi gani. Tena meza hiyo inakaa vizuri wakati chama kimoja kinashika serikali zote mbili. Siku vyama vikiwa viwili tofauti, mimi ningependa ile mahakama iwe imeshajifunza kufanya kazi. Na kwa kanuni yake ya theluthi mbili kila upande, nina shaka kama inaweza kuamua chochote kizito. Timu mbili zikichagua kila moja nusu ya marefa, mpira utachezwa, ila penalti haitapigwa kamwe.

Angalieni Wajerumani. Baraza lao la majimbo, Bundesrat, linakaliwa na serikali za majimbo zenyewe, na katiba yao inadai kura za jimbo moja zipigwe kwa pamoja, haziwezi kugawanyika. Machi 2002 kulikuwa na muswada wa uhamiaji, na kura zilikuwa zimebanana. Jimbo la Brandenburg lilikuwa na serikali ya mseto. Waziri mmoja wa jimbo akasema ndiyo, mwingine wa jimbo lile lile akasema hapana. Aliyekuwa akiongoza kikao akahesabu ndiyo. Pakazuka kelele kubwa, wengine wakatoka ukumbini. Desemba mwaka huo Mahakama ya Katiba ikasema kura zile zilikuwa zimegawanyika, kwa hiyo hazikuwa halali, na sheria ikaanguka. Waliokuwa wameshinda Machi wakameza, wakaandika sheria nyingine. Basi.

Sasa Ethiopia. Katiba yake ya 1995 ni jasiri kwelikweli. Ibara ya 39 inayapa mataifa yake haki hata ya kujitenga. Ila tafsiri ya katiba haikupewa majaji. Ilipewa Baraza la Shirikisho, chombo cha wanasiasa wanaowakilisha mataifa na makabila ya nchi. Mwaka 2020 uchaguzi uliahirishwa kwa sababu ya korona, na Baraza hilo likabariki kuahirishwa. Tigray ikasema muda wa serikali kuu umekwisha, ikafanya uchaguzi wake yenyewe mwezi Septemba. Baraza likautangaza uchaguzi huo kuwa batili. Tigray ikasema ninyi wenyewe hamna uhalali. Serikali kuu ikakata fedha za uongozi wa jimbo. Novemba vita vikaanza, vikaendelea hadi mkataba wa Pretoria wa Novemba 2022. Vita vile vilikuwa na mizizi mingi, ya madaraka, ya historia, ya ardhi, na mahakama peke yake isingeving'oa. Lakini tazameni ngazi zilivyopandwa: kila upande ulisoma katiba ile ile, na hapakuwa na mtu wa tatu ambaye wote wawili wangemsikiliza.

Kwa hiyo turudi Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, maana ndiyo mbegu ya mwamuzi wetu iwapo konfederesheni itakuja.

Mwaka 2006 Kenya ilipeleka majina tisa ya wabunge wake wa Bunge la Afrika Mashariki. Peter Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda mahakamani wakisema hapakuwa na uchaguzi kama Ibara ya 50 ya Mkataba inavyotaka, vyama vilijipangia tu. Tarehe 27 Novemba 2006 Mahakama ikazuia wale tisa wasiapishwe. Kwa mahakama changa ya kikanda lilikuwa jambo la ujasiri, na Machi 2007 ikatoa hukumu kwamba kweli Mkataba ulikiukwa.

Lakini wakuu wa nchi hawakungoja hukumu. Desemba 2006, wiki chache tu baada ya lile zuio, waliurekebisha Mkataba. Mahakama ikagawanywa ngazi mbili, ya kwanza na ya rufaa. Sababu za kumsimamisha au kumwondoa jaji zikaongezwa. Na mwananchi akawekewa muda wa miezi miwili wa kufungua shauri tangu kitendo anacholalamikia kitendeke, au tangu akijue. Chama cha wanasheria wa Afrika Mashariki, chenye makao yake hapo hapo Arusha, kikayapinga marekebisho hayo. Mahakama mwaka 2008 ikasema ndiyo, kuyapitisha bila kuwashirikisha wananchi kulikiuka misingi ya Mkataba, lakini haikuyatengua. Naielewa tahadhari yake. Jaji aliyetoka kupigwa kiboko hanyanyui mkono haraka.

Wanafunzi wa sheria, jambo la kulishika hapa ni hili. Majaji wale wanateuliwa na Mkutano wa Wakuu wa Nchi. Marekebisho ya Mkataba yanapitishwa na Mkutano wa Wakuu wa Nchi. Na wanaoshtakiwa mbele yao, kesi nyingi, ni serikali za wakuu hao hao. Jumuiya sasa ina nchi nane. Mojawapo, Somalia, ni shirikisho lenyewe lenye ugomvi wake na majimbo. Kongo ni kubwa kuliko nyingine zote kwa eneo. Migogoro ya orodha itakuwepo: nani anasimamia anga, nani anatoza ushuru upi, mahindi ya nani yamezuiwa Namanga na kwa idhini ya nani.

Rasimu itakapowafikia itakuwa na nyongeza nzuri, yenye safu mbili, ya mambo ya konfederesheni na mambo ya nchi wanachama, na vikao vya kukusanya maoni vitakwenda siku nzima juu ya kama utalii uwe safu ya kushoto au ya kulia. Watu wa Kilimanjaro na Arusha tutashikana mashati hapo, najua, kwa sababu mlima na hifadhi ndizo zinazotulisha. Mimi nikipewa dakika zangu tatu sitazitumia kwenye safu hizo. Nitataka kujua kama ile miezi miwili imebaki, nani anapendekeza jina la jaji kabla halijafika kwa wakuu wa nchi, na kama wakuu hao wanaweza tena kuibadili sura ya mahakama ndani ya wiki chache kesi ikiwa bado mezani.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Yule mwalimu wa nyuma ameshika mkono juu tangu nilipomtaja Mangi Mkuu, aanze yeye.